Riwaya za mapenzi: wasomaji tunao, waandishi tunao, kinachokosekana ni ahadi

Mara nyingi tunasikia wakubwa wakisema kwamba watu wa Lubumbashi hawasomi tena. Wanasema simu imemaliza vitabu, na vijana wanataka tu picha na muziki. Mimi sikubali. Kazi yangu ni ya mhariri: ninasoma hadithi ambazo watu wanaandika, ninazirekebisha pamoja nao, ninatafuta namna zitoke. Ninavyoona mimi, watu wanasoma sana. Ila wanachosoma hakihesabiwi, sababu ni hadithi za mapenzi.

Tembea pembeni ya barabara ambako wanapanga vitabu vya mitumba chini. Kati ya vitabu vya hesabu na vya sheria utaona vile vidogo vya Harlequin, kwenye jalada mwanaume na mwanamke wamekumbatiana, karatasi zimekuwa njano. Vinauzwa, vinaazimwa, vinarudi, vinauzwa tena. Ingia katika saluni ya nywele, mtaa wa Kenya ao Katuba. Mama anayesukwa ana simu mkononi, anasoma hadithi kwenye WhatsApp, kila jioni kipande kimoja. Kipande kikichelewa, wasomaji wanaanza kulalamika: "Mwandishi, uko wapi? Tunangojea!" Mtu asiyesoma halalamiki hivyo.

Waandishi pia wapo. Wengi ni wasichana na mama vijana. Wanaandika usiku, watoto wakiisha kulala. Wengi wanaandika kwa Kifaransa sababu ndiyo lugha waliyofundishwa kuandika shuleni, hata kama wanapenda, wanagombana na kusameheana kwa Kiswahili.

Basi, kama wasomaji wapo na waandishi wapo, kwa nini mji wetu hauna mfululizo wake wa riwaya za mapenzi kwa Kiswahili? Jibu langu ni moja: hakuna aliyeketi chini kuweka ahadi na kuishika. Mfululizo ni ahadi. Ahadi kwa msomaji, ahadi kwa mwandishi, na ahadi kwa mji wenyewe. Kazi ya mhariri ni kulinda hizo tatu.

Tuanze na msomaji. Harlequin ilianza mwaka 1949 katika mji wa Winnipeg, nchini Kanada. Mwanzoni ilichapisha vitabu vya kila namna. Baadaye ikaanza kutoa hadithi za mapenzi za Mills & Boon, kampuni ya London iliyoanzishwa 1908, na mwaka 1971 ikainunua kabisa. Siri yao haikuwa mwandishi mmoja mkubwa. Siri ilikuwa mpango: vitabu vya urefu mmoja, bei moja, sura moja ya jalada, vinatoka kila mwezi bila kukosa, na vinauzwa pale pale mama anaponunua chakula na sabuni. Msomaji hakuwa analipia jina la mwandishi. Alikuwa analipia uhakika: mwezi huu nitapata hadithi mpya, nitaimaliza kwa siku mbili tatu, na mwisho wake hautanivunja moyo.

Kuna watu wanacheka: "Lakini mwisho unajulikana!" Ndiyo, unajulikana. Hata arusi mwisho wake unajulikana: watu watakula bukari na kuku, watacheza mpaka asubuhi. Lakini bado tunaenda, sababu tunataka kujua namna gani hizi familia mbili zimefika pale. Katika riwaya ya mapenzi swali si kama wataoana. Swali ni nini kinawazuia, na watakishinda namna gani.

Hapa ndipo miswada mingi inayonifikia inaanguka. Mswada, ni kusema hadithi kabla haijawa kitabu. Kosa la kwanza: mwanaume tajiri anatoka Kinshasa ao Ubelgiji na gari kubwa, anamkuta msichana maskini, anamuokoa. Msichana hana kazi, hana rafiki, hana mawazo yake mwenyewe. Ninamuuliza mwandishi: "Dada, huyu msichana wako, asubuhi anaamka kufanya nini?" Je, anauza unga soko la Njanja? Anasoma sheria UNILU? Ni muuguzi wa zamu ya usiku? Anavuka Kasumbalesa kila juma kutafuta bidhaa? Mwandishi asipoweza kujibu, hatuna hadithi bado. Tuna ndoto tu ya gari.

Kosa la pili ni kizuizi cha bure. Wapenzi wanagombana kurasa 100 sababu ya ujumbe mmoja ambao mmoja wao hakusoma. Wangepigiana simu dakika mbili, kitabu kingeisha. Kizuizi lazima kiwe cha kweli, kiwe na uzito, hata msomaji akisema moyoni: "Kwa kweli, hapa hata mimi ningeshindwa."

Na vizuizi vya kweli kwetu havikosekani. Kuna mahari ambayo wajomba wanaongeza kila wakikutana. Kuna kijana aliyeenda kuchimba Kolwezi akasema atarudi na pesa ya kuoa, miaka mitatu imepita. Kuna mchungaji aliyeota ndoto kwamba huyu si mume wako. Na kuna jambo ambalo Lubumbashi inalijua lakini hailisemi sana mezani: kabila.

Miaka ya 1992 na 1993, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi, Kolwezi na fasi nyingine za Katanga. Familia nzima zililala kwenye vituo vya treni zikingoja kusafirishwa kwenda Kasai ambako wengi wao hawakuwahi kuishi. Kulikuwa na nyumba ambamo baba alikuwa wa upande mmoja na mama wa upande mwingine. Watoto wa wakati ule leo ni wazazi, na ndio wanaopokea wachumba wa watoto wao. Sasa fikiria kijana ambaye babu yake alipanda treni ile, anapenda msichana ambaye mjomba wake alikuwa kati ya waliopiga kelele pale kituoni. Hakuna mtu wa Winnipeg ao wa Paris anayeweza kuandika riwaya hii. Ni sisi tu. Na ikiandikwa vizuri, mwisho wake wa furaha hautakuwa uongo wa kulewesha watu. Utakuwa kazi ngumu ambayo watu wawili na familia mbili wameifanya mbele ya macho yetu, ukurasa kwa ukurasa.

Wasomi wengine wataniambia kwamba hii si fasihi. Ninawajibu kwa heshima: tumewahi kusikia hayo. Zamenga Batukezanga, aliyezaliwa 1933 na kufariki 2000, aliandika vitabu vyepesi, kwa Kifaransa ambacho mtu aliyeacha masomo mapema anaweza kusoma. Alitoa "Les hauts et les bas" mwaka 1971, "Carte postale" mwaka 1974, na vingine vingi baadaye. Wasomi wengi waliona ni vidogo mno. Lakini nenda uulize watu wa umri wa wazazi wetu ni mwandishi gani Mkongomani waliyemsoma mpaka mwisho. Wengi watakutajia Zamenga. Mtu hajifunzi kusoma vitabu vizito kwa kukosa vyepesi. Anajifunza kwa kusoma kimoja akakimaliza, akatafuta cha pili.

Wala hatuanzi sisi. Mwaka 1998, kampuni ya Nouvelles Editions Ivoiriennes ya Abidjan ilianzisha mfululizo wa Adoras: riwaya ndogo za mapenzi kwa Kifaransa, wapenzi ni Waafrika, miji ni ya Afrika, matatizo ni ya familia za Afrika. Wasomaji wa Abidjan waliokuwa wanasoma mapenzi ya madaktari wa Ulaya wakajiona wenyewe kwenye ukurasa. Mwishoni mwa mwaka 2014, huko Nigeria, Cassava Republic ilianzisha Ankara Press, riwaya za mapenzi za kusoma kwenye simu na kompyuta. Walisema wazi wanataka mwanamke mwenye kazi yake na akili yake, anayechagua. Sisi tunao mtaa wa Kamalondo, tunao Ruashi, tunao mlima wa slagi na bomba la Gécamines ambalo kila mtoto anajua kulichora. Tunangoja nini?

Wengine wanangoja Kiswahili. Wananiambia: "Lakini mhariri, Kiswahili gani? Chetu si bora." Swali hili linastahili jibu, sababu ndilo linalofanya wasichana wengi wakimbilie Kifaransa.

Kwanza, mji huu haukungoja ruhusa ya mtu ili kuandika lugha yake. Mwaka 1965, watu waliokuwa wafanyakazi wa nyumbani wa Wazungu walitoa hapa maandishi yanayoitwa "Vocabulaire de la ville d'Elisabethville", yaliyotungwa na André Yav. Kichwa ni cha Kifaransa, lakini ndani wanaeleza historia ya mji kwa Kiswahili chao, namna walivyokisema. Mwaka 1990, mtaalamu Johannes Fabian aliyachapisha, na leo yanasomwa katika vyuo vikuu vya ng'ambo. Na kundi la Mufwankolo, je? Miaka na miaka limechekesha na kufundisha mji mzima, redioni na kwenye televisheni, kwa Kiswahili cha Lubumbashi. Hakuna aliyezima redio akisema sarufi ni mbaya.

Pili, mhariri lazima achague kanuni na aishike. Yangu ni hii. Msimulizi aseme Kiswahili rahisi ambacho msomaji wa Bukavu, Kalemie, Goma ao Kisangani atakielewa bila kusimama. Lakini watu ndani ya hadithi waseme kama wanavyosema nyumbani. Kijana akimwambia mpenzi wake, "Ni weye njo minapenda", siwezi kumrekebisha aandike, "Ni wewe ndiye ninayekupenda". Maneno yamekuwa safi, lakini kijana amekuwa mwalimu wa shule, na msichana atakimbia. Na mama mkwe akichanganya Kifaransa ili aonekane mkubwa mbele ya wageni, tumwachie. Huko Kenya, David Maillu alitoa mwaka 1989 kitabu "Without Kiinua Mgongo" akichanganya Kiingereza na Kiswahili kama watu wanavyochanganya mtaani. Lugha ya mapenzi ni ile mtu anayosema akiwa hana muda wa kujipanga.

Kuna kanuni nyingine ambayo sitaiuza kwa bei yoyote. Wazazi na wachungaji wanaogopa kwamba riwaya hizi zitaharibu vijana. Wasiwasi wao si wa bure, ila wanaangalia upande mmoja tu. Wanatafuta busu. Mimi ninatafuta kofi. Mara ngapi nimesoma mswada ambamo mwanaume anampiga msichana, ao anamlazimisha, halafu kurasa mbili mbele msichana anasema, "Kumbe ananipenda sana"? Hii siipitishi. Mwanamke akisema hapana, katika mfululizo wangu ni hapana. Na umri pia: sheria ya familia ya 1987 iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15, lakini marekebisho ya 2016 yameweka miaka 18. Basi msichana wa kwenye riwaya awe na miaka 18 kwenda mbele, hata kama mwandishi anasema kwao mambo yako tofauti. Kitabu kinachosomwa na maelfu ya wasichana kinawafundisha nini cha kukubali na nini cha kukataa. Hiyo ndiyo sababu ninaona kazi hii ni ya maana kuliko wanavyodhani wanaoicheka.

Tufike sasa kwa mwandishi, ambaye ndiye anaumia zaidi. Dada anaandika vipande 60 kwenye WhatsApp, bila malipo. Kipande cha mwisho kikitoka, mtu asiyemjua anaviunganisha vyote, anatoa jina la mwandishi, anaweka jina la ukurasa wake, anauza. Dada akilalamika anaambiwa: "Ulitoa bure mwenyewe." Ninaona jambo hili linarudi kila mara, na linaua talanta kuliko kukatika kwa umeme. Mtu haibiwi mara tatu akaendelea kuandika.

Sheria ipo. Ordonnance-loi namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986 inalinda haki za mwandishi katika nchi yetu. Kutoa hadithi bure kwa wasomaji si kumpa kila mtu ruhusa ya kuiuza. Lakini sheria bila karatasi mkononi haimsaidii dada wa Katuba. Kwa hiyo ninawaambia waandishi: msikubali kuchapishwa bila mkataba, hata kama mchapishaji ni rafiki ya mjomba wako. Ukurasa mmoja unatosha. Uandike mambo haya: jina gani litakuwa kwenye jalada, nakala ngapi zitachapishwa, bei ni ngapi, mwandishi anapata kiasi gani, na siku gani, haki inarudi kwake baada ya miaka mingapi, na kama kitabu kitageuzwa kuwa mchezo wa redio ao filamu, nani ataamua. Wote wawili watie sahihi, kila mtu abaki na nakala yake.

Tuchukue mfano, tuhesabu pamoja. Tuseme kitabu kidogo kinauzwa franka 5 000, na nakala 1 000 zinaisha zote. Ni franka milioni 5. Mkataba ukimpa mwandishi 10 kwa 100, anapata franka 500 000. Si utajiri. Lakini ni pesa ya kwanza ambayo hadithi yake imemletea nyumbani, na mume aliyekuwa anauliza "unaandika-andika nini usiku?" hatauliza tena. Sehemu nyingine iende kwa anayeuza, nyingine kwa mwenye mashine ya kuchapa, na kinachobaki kisiliwe: ndicho kinachapisha kitabu kinachofuata.

Hapo ndipo wengi wanashindwa. Wanatoa kitabu kimoja, wanafanya sherehe, wanapiga picha na viongozi, halafu kimya. Huo si mfululizo, ni arusi bila ndoa. Ushauri wangu kwa yeyote anayetaka kuanza: usitoe kitabu cha kwanza kabla miswada sita haijakamilika na kurekebishwa kwenye droo yako. Sita. Hapo unaweza kutangaza kwamba kila tarehe moja ya mwezi kitabu kipya kitatoka, na hutasema uongo. Msomaji akija mwezi wa tatu asikute kitu, hatarudi wa nne.

Wala usingoje duka la vitabu peke yake. Peleka saluni, kwa mama anayeuza vocha za simu, kwenye vituo vya basi za Likasi na Kolwezi. Mpe muuzaji faida yake wazi. Weka pia nakala ya kusoma kwenye simu kwa bei ndogo kuliko ya karatasi, inayolipwa kwa simu, sababu wasomaji wetu wapo pia Lusaka, Johannesburg na Brussels. Na omba redio ya mtaani isome sura ya kwanza. Mji uliozoea kumsikiliza Mufwankolo utajua kusikiliza.

Kwa wenye mashine za kuchapa, ninaomba jambo moja: msidai pesa yote mbele kama kwa mialiko ya arusi. Kubalianeni na wachapishaji kwa vitabu sita, mlipwe kwa awamu. Mtapata kazi ya miezi sita badala ya siku moja. Kwa walimu wa UNILU, ninaomba mtume wanafunzi wenu wahariri miswada hii, wajifunze kazi ambayo nchi inakosa.

Na kwako dada unayeandika usiku: usimalize hadithi yako kesho kwenye kundi. Toa sura tatu za kwanza, wasomaji wapende, zilizobaki uziweke. Andika jina lako kwenye kila kipande. Mtafute mhariri, mkatalie akitaka kukugeuza Mzungu, msikilize akikuuliza msichana wako anaamka kufanya nini. Siku utakapopata jibu la swali hilo, andika sura ya nne.